Kulinda si Kufunga: Funzo Kutoka kwenye Utando wa Seli



Kila mwaka wanafunzi wapya wanapofika chuoni, swali moja hurudi katika vikao vyetu. Huulizwa baada ya darsa, huulizwa kwenye makundi ya WhatsApp, na dada zetu huulizana wao kwa wao bwenini. Je, Mwislamu anayetaka kumaliza masomo dini yake ikiwa salama, inampasa ajifunge? Ajitenge na marafiki wasio Waislamu, na vitabu vya falsafa, na mijadala, na kila jambo ambalo hakulizoea nyumbani?

Majibu ninayoyasikia ni mawili. Wa kwanza husema: funga mlango, dunia imeharibika, chuo ni soko la fitina, chukua shahada yako uondoke. Wa pili husema: imani ya kweli haiogopi kitu, kwa hiyo soma kila kitu, tazama kila kitu, kaa popote, moyo wako ukiwa safi hakuna kitakachokudhuru. Wasemaji wa pande zote mbili nawaheshimu, kwa kuwa wote wanatutakia kheri. Lakini naona wamekubaliana, bila wenyewe kujua, juu ya jambo moja lisilo sahihi: kwamba kulinda maana yake ni kufunga. Mmoja anataka kulinda, kwa hiyo anafunga. Mwingine hataki kufunga, kwa hiyo anaacha kulinda.

Mimi nasoma famasia hapa Kigali. Katika somo letu, moja ya maswali ya mwanzo kuhusu dawa nyingi ni hili: itavukaje utando wa seli? Nimekaa na swali hilo muda mrefu kiasi kwamba limeanza kunijia hata nisipokuwa darasani. Naomba niulete utando huo katika mjadala wetu. Sidai kwamba Qur'ani ilishuka kutufundisha baiolojia ya seli, wala sitatafuta aya ya kuishonea kwenye mchoro wa kitabu cha kiada. Dai langu ni dogo: tumehimizwa kuzitazama alama zilizomo ndani ya nafsi zetu, na hii ni alama moja ambayo mimi nimeitazama.

Utando ni nini

Kila seli ya mwili wako imezungukwa na utando mwembamba sana, unene wake kiasi cha nanomita 7 au 8. Ukizipanga tando kama elfu kumi, moja juu ya nyingine, ndipo utaukaribia unene wa unywele mmoja. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, waliyatoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakaona yanafunika eneo karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakahitimisha kwamba utando ni tabaka mbili za mafuta zilizolaliana. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakaijaza picha hiyo: ndani ya mafuta hayo zinaelea protini, na utando mzima ni laini, vitu vilivyomo vinahamahama kama vitu vinavyoelea juu ya mafuta ya kupikia. Haufanani hata kidogo na ukuta wa matofali.

Mafuta hayo huruhusu vitu vichache vipite vyenyewe. Oksijeni hupita, na hewa ya ukaa hupita. Lakini sukari haipiti, chumvi haipiti, na maji hupita kwa taabu. Kwa hiyo utando ungekuwa mafuta matupu, seli ingekufa. Ingekosa chakula, na ingezama katika taka zake yenyewe. Hapo ndipo protini zinapoingia kazini, maana nyingi kati yake ni milango. Upo mlango wa maji, na Peter Agre aliyeutambua alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Ipo milango ya sukari, ya sodiamu, ya potasiamu, ya kalisi. Kila mmoja una mgeni wake.

Na je, utando ukiacha kila kitu kipite? Ichukue chembe nyekundu ya damu, uiweke katika maji matupu. Maji yataingia bila kukoma mpaka ipasuke. Kwa sababu hiyo hakuna muuguzi atakayekutundikia dripu ya maji matupu. Dripu ya kawaida ya chumvi ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Basi seli isiyopokea kitu hufa kwa njaa, na seli isiyoweza kuzuia kinachoingia hufa kwa kupasuka.

Waliowahi kunywa chai ya mnanaa pale Biryogo, kwenye mtaa uliopakwa rangi, wanalijua jambo hili bila kusoma baiolojia. Mtaa ule umefungwa kwa magari. Na kwa kuwa umefungwa kwa magari, umefunguka kwa watu: meza zimepangwa barabarani, wazee wanazungumza, watoto wanapita bila kushikwa mkono. Ukiniuliza mtaa ule umefungwa au uko wazi, sina jibu. Inabidi kwanza uniambie: umefungwa kwa kitu gani, na uko wazi kwa nani?

Ndivyo ninavyotaka tuulize juu ya nafsi zetu. Nijifunge au nijifungue ni swali lisilo na jibu. Swali lenye jibu ni: nipokee nini, nizuie nini, na kwa kipimo gani?

Mdogo aliyekataliwa

Sodiamu na potasiamu ni kama ndugu. Zikiyeyuka majini kila moja hubeba chaji moja chanya, na sodiamu ndiyo ndogo. Ungetarajia kwamba tundu linalompitisha mkubwa litampitisha na mdogo. Mlango wa potasiamu haufanyi hivyo. Unaweza kupitisha karibu ioni milioni 100 za potasiamu kwa sekunde moja, na kwa kila elfu kumi zinazopita, sodiamu inayoponyoka ni kama moja.

Sababu yake ilionekana wazi mwaka 1998, Roderick MacKinnon alipoonyesha umbo la mlango huo. Naye ndiye aliyeshirikiana tuzo ya mwaka 2003 na Agre. Ioni hizi zikiwa majini hutembea zimezungukwa na molekuli za maji, kama mtu aliyevaa koti. Ili zipite katika sehemu nyembamba ya mlango, lazima zilivue. Ndani ya mlango kuna atomu za oksijeni zilizopangwa kwa nafasi ambayo potasiamu, ikishavua koti, hushikwa vilevile kama maji yalivyokuwa yameishika. Haipotezi kitu, kwa hiyo inapita. Sodiamu ni ndogo mno kwa nafasi hiyo. Ikivua koti haifikiwi vizuri na zile oksijeni, hivyo kuingia kunaigharimu kuliko kubaki nje, na inabaki nje.

Mlango huu haupimi ukubwa. Unapima kama kinachoingia kinalingana na kilichoandaliwa ndani. Sisi mara nyingi tunapima ukubwa. Tunasema: ni video ya sekunde thelathini tu. Ni mzaha tu, hakuna aliyeumia. Ni dau la faranga mia tano tu, mechi ikiisha basi. Udogo wa kitu tumeufanya kibali cha kuingilia. Kisha tunaogopa kikubwa kwa sababu ya ukubwa wake: kitabu cha kurasa mia nne cha mwanafalsafa asiyeamini Mungu, au mhadhara wa profesa mwenye maswali magumu, ambavyo pengine vingekupeleka kwa mashekhe kuuliza na kukurudisha na elimu zaidi.

Kuna jambo la pili hapo. Kuchagua kwa mlango huu hakuuchelewishi. Ioni milioni 100 kwa sekunde, na bado unachagua. Kuchagua kumo ndani ya umbo lake. Kwa binadamu hilo ndilo tunaloliita tabia, na ndiyo sababu wazee wetu walitufundisha adabu kabla ya hoja. Mtu ambaye kila usiku lazima afanye mjadala mzima na nafsi yake kama afungue au asifungue ile tovuti, mara nyingi atashindwa, hata awe hodari wa hoja. Mwenye tabia iliyojengeka hapati hata nafasi ya kujadili. Mkono wake umeshapita.

Gharama ya kulinda

Hata hivyo hakuna utando usiovuja. Sodiamu huingia hivyohivyo, kidogo kidogo, kila sekunde, kupitia njia nyingine ambazo seli inazihitaji kwa kazi zake. Seli hufanya nini? Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark alieleza kimeng'enya kilichokuja kujulikana kama pampu ya sodiamu na potasiamu. Kila inapotumia molekuli moja ya ATP, pampu hii hutoa nje sodiamu 3 na kuingiza ndani potasiamu 2. Skou alipata Nobel mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Hata ukiwa umelala fofofo, inakadiriwa kwamba kati ya sehemu moja ya tano na moja ya tatu ya nguvu inayotumiwa na mwili wako inakwenda kwenye kazi hiyo moja: kurudisha nje kilichopenya na kurudisha ndani kilichotoka.

Tafadhali tulitafakari hili. Seli iliyo hai si ile ambayo hakuna kilichoipenya. Vitu vinaipenya usiku na mchana. Uhai wake umo katika kutochoka kuvitoa.

Nimewaona ndugu wawili wakiumia kwa kutolijua hili. Mmoja alikuja chuoni na juzuu thelathini kifuani na malezi mazuri nyuma yake, akaamini kwamba ukuta wake ulishajengwa na hauhitaji tena fundi. Mwingine aliteleza mara moja katika muhula wa kwanza, akajiambia kwamba ameshaharibika, kilichobaki ni kumalizia. Wote wawili walidhani usafi ni hali ambayo mtu huwa nayo au hana. Dini yetu haikutufundisha hivyo. Swala ni tano na zinarudi kila siku. Mtume (s.a.w.), ambaye hatumlinganishi na mtu, amepokewa kuwa akiomba maghfira kwa siku moja zaidi ya mara sabini. Istighfari ni pampu, ndugu zangu. Haiwekwi kwa ajili ya siku ya hatari tu. Inafanya kazi mfululizo, inagharimu nguvu, na gharama hiyo ni sehemu ya kuishi.

Na pampu zikisimama? Sodiamu itaingia mpaka ndani pafanane na nje. Maji yataifuata, seli itavimba na kufa. Katika seli, kufanana kabisa na mazingira yake ni alama ya mauti. Hilo ndilo ninalowaambia wenzetu wa jibu la pili, wanaotaka milango yote iwe wazi daima: mkifika mahali ambapo hakuna tofauti yoyote kati ya mlivyo ndani na ilivyo nje, hamtakuwa mmeshinda hofu. Hakutakuwa na kilichobaki cha kuhofia kupotea.

Njaa katikati ya neema

Wenzetu wa jibu la kwanza nao wana funzo lao. Seli za misuli zina mlango wa sukari ambao kwa kawaida hauko juani. Umehifadhiwa ndani ya seli katika vifuko vidogo. Ukishakula, insulini hupita katika damu kama mtu anayebisha hodi, na seli ikiisikia hupandisha milango hiyo hadi kwenye utando na sukari ikaingia. Katika kisukari cha aina ya pili, hodi inabishwa lakini seli haiitikii inavyopaswa. Sukari inajaa katika damu, inaizunguka seli pande zote, na seli inabaki na njaa katikati ya neema.

Kujifunga kupita kiasi huzaa njaa ya namna hiyo. Yuko mwanafunzi aliyejitenga na darasa zima kwa kuogopa fitina, na kwa miaka minne hakupata elimu ya mwalimu wake, wala wema wa jirani yake, wala nafasi ya kumwonyesha jirani huyo Uislamu ulivyo. Yuko pia mwenye Qur'ani katika simu, darsa kila Jumamosi na msikiti hatua chache kutoka chumbani, lakini moyo haupandishi mlango. Vyote vimemzunguka na hakuna kinachoingia.

Kuna habari njema ndani yake. Msuli ukifanya kazi, milango hiyo hupanda hata bila kungoja insulini. Ndiyo sababu daktari humwambia mgonjwa wa kisukari atembee. Na kwa moyo naamini ni hivyo pia: anayeanza kutenda, hata kwa uzito, hupata nafasi ya kupokea ambayo hakuwa nayo alipokuwa anangoja hamu imjie.

Aliyekuja amevaa nguo zetu

Tarehe 27 Septemba 2024 nchi yetu ilitangaza mlipuko wa Marburg. Wengi wetu tulikuwa tunausikia ugonjwa huo kama kitu cha kwenye vitabu. Watu 66 walithibitishwa kuugua na 15 walifariki, wengi wa waliougua wakiwa wahudumu wa afya waliokuwa wakiwatibu wenzao. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 20 Desemba mwaka uleule. Allah awarehemu waliotutoka, na awalipe waliobaki wodini.

Kirusi cha Marburg na ndugu yake wa Ebola havivunji mlango. Vinapotoka katika seli viliyoiharibu, huondoka vimejifunika kipande cha utando wa seli hiyo. Juu ya nguo hiyo ya kuazima kuna alama ya mafuta ambayo kwa kawaida huonekana kwenye seli zinazokufa, na alama hiyo huziambia seli nyingine: hiki ni kipande cha mwenzenu, kimezeni mkisafishe. Basi seli inakimeza kwa hiari yake, ndani ya kifuko cha utando wake yenyewe. Humo ndani, vimeng'enya vya seli, vilivyokusudiwa kumeng'enya chakula, vinapunguza ganda la protini ya kirusi na kuifichua sehemu inayonata. Sehemu hiyo inajishika kwenye protini ambayo kazi yake ya kila siku ni kusafirisha kolesteroli. Kufuli ambalo ufunguo wa kirusi unalitafuta halikuwa mlangoni. Lilikuwa ndani ya nyumba.

Kwa kutazama hilo naona kosa katika kipimo kinachosema kwamba kilicho kigeni ndicho cha hatari na kilicho chetu ni salama. Yaliyoiharibu mioyo ya wengi wetu hayakuja na sura ya ugeni. Yalikuja yamevaa nguo zetu. Kusengenya kulikuja kukiitwa nasaha. Dharau kwa ndugu wa msikiti mwingine ilikuja ikiitwa ghera ya dini. Kiburi kilikuja kikiitwa msimamo. Tuliyapokea kwa sababu yalionyesha alama ya mwenzetu, na tulipoyamaliza kuyameng'enya ndipo yaliponata.

Mahali mfano unapokoma

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mfano huu unafaa kila mahali. Haufai. Na sisi wa Kigali tuna wajibu kuliko wengine wa kusema unakomea wapi.

Mji huu umesikia lugha ya mwili na uchafu ikitumiwa juu ya watu. Gazeti la Kangura lilichapisha zile zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu mwezi Desemba 1990. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende, wakaitwa inzoka, yaani nyoka, na nchi ikazungumziwa kama mwili unaopaswa kusafishwa. Lugha hiyo iliandaa mikono kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kwa hiyo mtu anapokujia na mfano wa seli na vijidudu, akaugeuza kuwa mfano wa jamii na watu, simama hapohapo. Hakuna binadamu aliye kirusi. Mwanadamu, awe wa kabila lolote na dini yoyote, amekirimiwa na Muumba wake kabla hajafika mlangoni kwako.

Wala tusijidanganye kwamba jina la Kiislamu peke yake ni kinga. Mhariri wa Kangura aliitwa Hassan Ngeze, naye alikuwa Mwislamu. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani Desemba 2003, na rufaa ya mwaka 2007 ikamwachia kifungo cha miaka 35. Jina lilikuwa letu. Chuki nayo iliingia.

Katika miezi hiyohiyo, hapa Nyamirambo na Biryogo, Waislamu wengi waliwaficha majirani zao, ndani ya nyumba, juu ya dari, misikitini. Filamu ya Kinyarwanda ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Alrick Brown, imejengwa juu ya habari za aina hiyo. Wazee waliokuwepo bado tunao, na anayetaka kuuliza aulize kwa adabu angali na nafasi.

Nimejiuliza mara nyingi watu hao walifanya nini hasa. Redio waliyoisikia ni ileile. Hoja zilizowafikia ni zilezile, na zilikuja kwa sauti ya jirani, kwa Kinyarwanda safi, kwa mizaha na muziki. Wao walilikataa neno na wakampokea mtu. Walifunga mahali ambapo wengi walifungua, na wakafungua mahali ambapo wengi walifunga. Aliyemfungulia jirani mlango wa nyumba yake usiku ule alikuwa ameshaulinda mlango mwingine, ule wa moyo, siku nyingi nyuma, kila aliposikia tusi juu ya jirani huyo na hakucheka.

Hapa ndipo ninapopata jibu la swali la wanafunzi wapya. Ulinzi wetu ni juu ya yanayoingia moyoni: maneno, picha, mazoea, chuki, tamaa. Hauhusu watu. Anayelinda moyo wake kwa kuwafukuza watu ameweka mlinzi kwenye mlango usio wake. Na historia yetu sisi Waislamu ilipitia mlango uliofunguliwa na mwingine. Masahaba wa kwanza walipoteswa Makka, walivuka bahari kuja upande huu wa Afrika, na mfalme Mkristo wa Habasha aliwapokea, akakataa zawadi za Maquraishi waliotaka warudishwe. Naye vilevile alikataa neno akapokea watu. Na babu zetu wa Biryogo, waliotengewa kambi yao na wakoloni na kuitwa Waswahili, walijua maana ya kuhesabiwa kitu cha kigeni katika nchi yako.

Tutaulizwa

Imebaki tofauti moja kati yetu na seli. Mlango wa potasiamu hauchagui kwa kutaka. Umbo lake limeandikwa katika vinasaba, na ukikosea hauna dhambi. Sisi tumeambiwa katika Suratul Israa kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Ukitazama, hivyo ni milango miwili na kile kilicho ndani yake.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufananisha moyo na ngome ambayo adui anataka kuingia, akasema hailindwi ila na anayeyajua malango yake. Mfano wake ninaupenda na sijioni wa kumsahihisha. Ninaongeza tu la mwanafunzi wa famasia: ngome iliyozingirwa muda mrefu huanguka kwa njaa hata kama lango halikuvunjwa. Anayeyajua malango yake ajue pia ni lipi la kupitishia chakula.

Basi kwa ndugu na dada mnaoanza mwaka huu, sina orodha ya marafiki wa kukubali na kukataa. Nina maswali matatu ambayo najiuliza mwenyewe mlangoni. La kwanza: hiki kinachotaka kuingia, kikishavua koti lake, kinalingana na nini ndani yangu? La pili: kikipenya nisichokitaka, nina pampu inayofanya kazi leo, au ninategemea niliyoyahifadhi zamani? La tatu, na ndilo zito kwetu wa mji huu: ninachokikataa ni neno, au ni mtu?

Anayeweza kujibu la tatu kwa ukweli, namwambia aingie darasani bila hofu, akae na jirani yake Mkristo, asome kitabu kigumu, na adhana ikiadhiniwa ainuke. Akirudi Biryogo jioni, amlipie mwenzake chai.

Allah atupe mioyo inayojua cha kupokea na cha kuzuia, na asiifanye mioyo yetu kuwa migumu juu ya waja wake. Wabillahi tawfiq.